Zinki katika udongo wa Meru na Embu: kazi ya uchachu na kazi ya samadi

Mahindi yafikapo umri wa wiki tatu au nne, mkulima apitaye shambani asubuhi huweza kuona jambo la ajabu katika majani machanga. Pande zote mbili za uti wa jani, kuanzia karibu na shina, hutokea mistari mipana ya rangi nyeupe au ya manjano, ilhali uti wenyewe na kingo za jani hubaki kijani. Mmea huwa mfupi, na vifundo vya shina hukaribiana kana kwamba umekatazwa kurefuka. Wengine husema ni jua, wengine huilaumu mbegu ya dukani, na wengine hukimbilia kuongeza mbolea ya DAP, ambayo, kama tutakavyoona, huweza kuizidisha taabu hiyo. Mara nyingi mahindi ya namna hii yana njaa ya zinki.

Yafaa mkulima aweze kuitofautisha njaa hii na njaa ya naitrojeni, ambayo ndiyo ijulikanayo zaidi. Mahindi yakikosa naitrojeni, majani ya chini yaliyotangulia kuota ndiyo yaanzayo kugeuka manjano, na rangi hiyo huanzia nchani na kuingia ndani kwa kufuata uti. Yakikosa zinki, majani machanga ndiyo yaonyeshayo. Sababu yake ni kwamba mmea waweza kuihamisha naitrojeni kutoka jani la zamani hadi jani jipya, bali zinki huhama kwa shida sana. Jani jipya lisipoletewa zinki na mizizi, halina pa kuiazima.

Zinki ni metali ambayo kila mtu wa Meru na Embu ameiona, ingawa huenda hakuijua kwa jina. Mabati ya nyumba zetu ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishikwe na kutu. Kila mvua inyeshapo huosha zinki kidogo mno kutoka juu ya paa, na kwa hiyo udongo ulio chini ya michirizi ya nyumba ya bati huweza kuwa na zinki kuliko udongo wa katikati ya shamba. Msomaji aikumbuke habari hii ya bati, maana itatufaa tutakapofika kwenye ndoo ya kuchukulia udongo.

Kiasi cha zinki kitakiwacho na mimea ni kidogo hata mtu aweza kukidharau. Tufanye hesabu. Mkulima wa Nkubu au Runyenjes aliyevuna magunia 20 ya kilo 90 katika ekari moja amepata kilo 1,800 za mahindi. Kila kilo ya punje huwa na zinki yapata miligramu 20. Basi zinki yote iliyotoka shambani ndani ya magunia hayo 20 ni gramu 36 tu, kiasi kisichojaza kiganja cha mkono. Hata hivyo, bila gramu hizo magunia yasingepatikana. Ilikuwa mwaka 1926 ndipo wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California, Sommer na Lipman, walipothibitisha kwamba mimea mikubwa haiwezi kukamilisha maisha yake pasipo zinki. Walikuza mimea katika maji yaliyosafishwa kwa uangalifu mkubwa, wakaitia virutubisho vyote vilivyojulikana ila hiyo moja, na mimea ikadumaa.

Wanadamu nao ni vivyo hivyo. Daktari Ananda Prasad, mzaliwa wa India, alikwenda kufanya kazi Shiraz, katika nchi ya Iran, mwaka 1958. Huko alionyeshwa kijana wa miaka 21 ambaye kwa kimo na umbo alifanana na mtoto wa miaka 10. Chakula chake kilikuwa karibu mkate mtupu wa ngano, tena alikuwa na desturi ya kula udongo. Mwaka 1961 Daktari Prasad na wenzake waliandika habari za wagonjwa wa namna hiyo, na mwaka 1963, baada ya kupima wengine katika nchi ya Misri, ikadhihirika kwamba walikuwa wamekosa zinki. Siku hizi yajulikana kwamba mtoto asiyeipata ya kutosha hukua polepole, na kuhara na magonjwa ya kifua humpata kwa urahisi.

Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa lishe uliofanywa mwaka 2011 ulikuta kwamba zaidi ya watoto wanane katika kila kumi walio chini ya umri wa kwenda shule walikuwa na zinki pungufu mwilini. Si haki kuutupia udongo lawama yote. Mtoto alishwaye mahindi kila siku, bila nyama wala mayai, huikosa zinki hata kama mahindi yametoka katika shamba zuri, kwa kuwa ndani ya punje mna kitu kiitwacho faiteti kinachoing'ang'ania zinki isiingie mwilini. Kuloweka nafaka, kuiotesha kidogo au kuuchachusha uji hupunguza nguvu ya faiteti hiyo. Akina nyanya waliouacha uji uchachuke hawakukosea. Lakini punje yenyewe ikitoka shambani ikiwa maskini, mama atapika nini ili kuiongeza?

Basi natuutazame udongo. Mlima Kenya ulikuwa volkano, na miamba na majivu yake ndiyo yaliyouzaa udongo mwekundu wenye kina kirefu uliopo kuanzia Manyatta na Runyenjes, kupita Chuka na Nkubu, hadi Meru mjini na mbele yake. Ni udongo mwema. Hushika maji, haumomonyoki upesi ukitunzwa, na mizizi ya kahawa huweza kushuka ndani yake pasipo kizuizi. Lakini umeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka. Katika sehemu za Embu mjini mvua ya mwaka hufika yapata milimita 1,200, na huko juu mpakani mwa msitu, kwenye majani chai, hupita hapo. Maji hayo yashukapo chini huchukua chokaa ya asili na magnesiamu, na kidogo kidogo huacha nyuma yake uchachu, ambao wataalamu huuita asidi.

Uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na Sørensen, mtaalamu wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha pombe. Kipimo hicho huhesabiwa kwa namna ambayo huwapoteza wengi. Saba ni katikati, mahali pasipo na uchachu wala magadi. Kadiri tarakimu inavyopungua, ndivyo uchachu unavyozidi, na kila hatua moja ni mara kumi. Udongo wenye pH ya 5 una uchachu mara kumi kuliko ule wa 6, na mara mia kuliko ule wa 7. Mashamba mengi ya udongo mwekundu wa Embu na Meru huwa kati ya 5 na 5.5, na yale ya majani chai huweza kushuka chini ya 5. Chai yenyewe hupenda hivyo, na mkulima wa chai asione haya kwa tarakimu hiyo. Mahindi na maharagwe hayapendi.

Sasa zinki huingia wapi katika habari hii? Mkulima afikirie baraza la chifu. Chembe ndogo za udongo wa mfinyanzi, pamoja na mboji, ndizo zenye viti. Viti hivyo ni nguvu ndogo ya umeme iliyo katika ngozi ya kila chembe, ile iitwayo hasi. Zinki ikiyeyuka katika maji ya udongo huwa na nguvu iliyo kinyume chake, iitwayo chanya, na kwa sababu hiyo huvutwa kitini ikakaa. Ikikaa kitini haichukuliwi na mvua, na mzizi ukija kuihitaji, huweza kuiondoa taratibu. Chokaa, magnesiamu na potashi nazo zina viti vyao katika baraza hilo hilo.

Udongo uchachukapo, wageni wawili huingia, nao ni haidrojeni na alumini. Hawa huketi kwa nguvu, na waliokuwa wameketi huondolewa na kusimama nje, yaani katika maji. Tena idadi ya viti vyenyewe hupungua. Wekundu wa udongo wetu ni kutu ya chuma, na kutu hiyo ina tabia ya kubadilika: uchachu ukiwa mkali, ngozi yake hugeuka ikawa chanya na kuisukuma zinki, uchachu ukipungua, hugeuka ikawa hasi na kuivuta. Ndiyo sababu udongo mmoja, wenye kutu ile ile na mfinyanzi ule ule, huweza kuishika zinki vizuri ukiwa na pH ya 6 na kuiachilia ukiwa na pH ya 4.5.

Hapa msomaji mwerevu atauliza: kama uchachu huitoa zinki kitini na kuiweka katika maji, je, si vema? Mizizi si hunywa maji hayo hayo? Swali hili ni la haki, na jibu lake lina pande mbili. Ni kweli kwamba katika udongo mchachu zinki iliyopo hupatikana kwa urahisi zaidi, na kwa muda mmea huweza kufaidi. Lakini zinki isiyo na kiti haina mlinzi. Kila masika na kila vuli sehemu yake hushuka chini kupita mizizi, na sehemu nyingine huchukuliwa na mazao, na shamba huzidi kuwa maskini. Kazi hiyo haifanyiki kwa msimu mmoja wala mitano. Ni ya miaka mingi, na kwa hiyo haionekani kwa macho. Tena alumini iliyoingia barazani ni sumu kwa ncha za mizizi. Mizizi ya mahindi katika udongo mchachu sana huwa mifupi na minene, haiendi mbali, na zinki iliyo umbali wa shubiri moja huwa kama iliyo ng'ambo ya mto.

Mkulima akisikia hayo, mara hutaka kununua chokaa ya kilimo. Shauri hilo ni jema, lakini hapa ndipo penye hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Chokaa huondoa uchachu, huizima alumini, na huviongeza viti. Ikizidi, viti huwa vingi na vyenye kushika kwa nguvu kupita kiasi, na zinki iliyokuwa ikipatikana hufungwa. Kwa kila hatua moja ya pH ipandayo, zinki iliyo huru katika maji ya udongo huweza kupungua hata mara mia. Mtu aliyekuwa na shamba la 5 akalipandisha hadi 7 kwa haraka, akidhani kwamba kama kidogo ni chema basi kingi ni bora, huweza kuona mahindi yake yakipata ile mistari myeupe ambayo hayakuwa nayo mwaka uliotangulia.

Mfano mkubwa wa jambo hilo ni nchi ya Uturuki. Katika uwanda wa juu wa Anatolia udongo umejaa chokaa ya asili, na pH yake hupita 7. Zinki imo ndani ya udongo huo, lakini imefungwa, na ngano ilikuwa ikidumaa kwa miaka mingi pasipo watu kujua sababu. Katika miaka ya 1990 wataalamu, miongoni mwao Profesa Ismail Cakmak, walipotia zinki katika mashamba, mavuno yaliongezeka sana, na viwanda vya huko vikaanza kutengeneza mbolea iliyochanganywa na zinki. Waturuki walifikia ukosefu wa zinki kwa njia ya chokaa nyingi, na sisi wa miteremko ya Mlima Kenya twaufikia kwa njia ya kuoshwa na uchachu. Mkulima wetu amwagaye chokaa bila kupima hutoka njia moja akaingia nyingine.

Kwa udongo mwekundu wa sehemu zetu, inatosha kuifikisha pH kati ya 5.5 na 6. Alumini huacha kuwa sumu ipatapo 5.5, na zinki bado haijafungwa. Kiasi cha chokaa kitakachofikisha hapo hakiwezi kuandikwa gazetini, maana hutegemea udongo wenyewe. Udongo wa mfinyanzi wa Runyenjes humeza chokaa nyingi kabla ya pH yake kusogea. Mchanga wa Mbeere husogea upesi kwa chokaa kidogo. Magunia yanayomfaa mtu wa Runyenjes yangeliharibu shamba la shemeji yake aliye Siakago, na hata hivyo watu huazimana mashauri ya namna hiyo katika matanga na arusi kila siku.

Habari ya DAP ni fupi. Mbolea hiyo ina naitrojeni ya namna ya amonia, ambayo vijidudu vya udongo vikiigeuza huacha uchachu. Na ina fosfati nyingi, ambayo mahali palipo na zinki kidogo huuzuia mmea kuitumia ile iliyopo. Haina zinki yenyewe. Aliyeitumia peke yake miaka kumi au ishirini, msimu baada ya msimu, bila samadi wala chokaa, amekuwa akivuta kamba kwa ncha zote mbili. Hatusemi kwamba aiache, maana fosfati ni lazima katika udongo huu mwekundu unaoimeza upesi. Twasema isiende peke yake.

Sasa tufike kwenye samadi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye kutatua sehemu kubwa ya fumbo hili. Samadi hufanya kazi nne kwa wakati mmoja. Kwanza, ina zinki yake yenyewe, kwa sababu ng'ombe hubakiza mwilini sehemu ndogo tu ya zinki aliyokula na nyingine huitoa katika mavi. Tani moja ya samadi kavu iliyotunzwa huweza kuwa na makumi ya gramu za zinki, na tumekwisha kuona kwamba magunia 20 ya mahindi huondoa gramu 36. Pili, hupunguza uchachu kwa upole. Majivu na chumvi za chokaa na potashi zilizomo ndani yake huufanya udongo upande kidogo kidogo katika kile kipimo cha pH, na ni vigumu kwa samadi ya kawaida kuupandisha kupita kiasi kama ifanyavyo chokaa. Tatu, huleta viti vipya. Mboji ina viti vingi kwa uzito wake kuliko mfinyanzi wowote wa Meru au Embu, hasa uchachu ukiwa umepungua.

Kazi ya nne ndiyo ya ajabu zaidi, nayo yahitaji kuelezwa polepole. Samadi ikioza, sehemu yake hubaki kuwa mboji nzito isiyoyeyuka, na hiyo huishika zinki mahali pamoja. Sehemu nyingine huyeyuka katika maji ya udongo, ikawa vipande vidogo vidogo ambavyo navyo hushika zinki, lakini hutembea nayo. Zinki iliyoshikwa hivyo haifungwi kwa urahisi na kutu ya chuma, hata uchachu ukipungua. Husafiri pamoja na kile kipande mpaka penye mzizi. Ni kama mama aliye sokoni na mtoto mdogo: amemshika mkono asipotee, wala hakumfunga kamba mguuni. Kwa sababu hiyo shamba lenye samadi huweza kuishika zinki zaidi na papo hapo kuipa mimea zaidi, mambo mawili ambayo kwa chokaa peke yake hupingana.

Hata hivyo samadi si dawa ya uchawi. Ikiwa mbichi na nyingi, zile sehemu zinazoyeyuka huweza kushuka na mvua kubwa zikiwa na zinki yao, hasa penye mchanga. Ikianikwa juani miezi mitatu, huwa imepoteza naitrojeni yake nyingi, na ikinyeshewa wazi, mambo mengine hutiririka kwenda mtaroni. Yafaa irundikwe kivulini au chini ya paa, ifunikwe kwa majani ya migomba, igeuzwe, na kuachwa ioze mpaka isitambulikane kuwa ni mavi. Majivu ya jikoni yasichanganywe na samadi mbichi, kwani huitoa naitrojeni ikaruka hewani. Afadhali yanyunyizwe shambani peke yake, tena kwa kadiri, kwa kuwa majivu nayo ni aina ya chokaa.

Jambo jingine lisemwalo kwa nadra ni kwamba samadi haiumbi zinki, huihamisha. Ng'ombe akilishwa matete yaliyokatwa katika kipande cha shamba kilichochoka, samadi yake itakuwa na zinki kidogo. Akilishwa majani ya kaliandra, ambayo mizizi yake huchimba chini, au majani ya kando ya njia, atakuwa ameleta zinki kutoka mahali ambapo mahindi hayafiki. Mkulima mwenye ng'ombe mmoja zizini hupata yapata tani moja ya samadi kavu kwa mwaka, nayo haitoshi shamba zima. Akiitawanya kama unga juu ya ekari mbili haitaonekana. Akiitia katika mashimo ya kupandia, viganja viwili kwa kila shimo, mizizi michanga huikuta mara moja, na mwaka ujao aweza kuhamia upande mwingine wa shamba.

Maneno haya juu ya mboji yamepimwa katika sehemu zetu wenyewe. Huko Machang'a katika nchi ya Mbeere, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walitia samadi ya mbuzi kiasi cha tani 5 na tani 10 kwa hekta, yaani tani 2 na tani 4 kwa ekari, katika udongo wa mchanga. Mavuno yaliongezeka, na hata walipoacha kutia samadi katika baadhi ya vipande, faida ilionekana kwa miaka kadhaa baadaye. Tena mwaka 2002 jaribio jingine la miaka mingi lilianzishwa Embu na Machang'a, ambamo majani ya tithonia, majani ya kaliandra, mabua ya mahindi, unga wa mbao na samadi vililinganishwa. Tithonia na kaliandra ziliwapa mahindi nguvu upesi, lakini katika kuizuia mboji ya udongo isipungue, samadi ilivishinda vingine. Na mboji ndiyo viti.

Mahali hapo pawili pana tofauti ambayo mkulima wa huku chini aitie moyoni. Huko Embu zaidi ya nusu ya udongo ni mfinyanzi. Machang'a mfinyanzi ni kama sehemu moja tu katika nane, na mvua ya mwaka ni yapata milimita 800. Katika udongo kama ule wa Mbeere na Tharaka baraza lina viti vichache tangu mwanzo, na karibu vyote ni vya mboji. Mboji ikiisha, hakuna kitakachoishika zinki, wala maji, wala mbolea ya dukani. Kwa mtu wa Runyenjes, samadi ni msaada mkubwa kwa udongo ambao bado una nguvu zake. Kwa mtu wa Siakago au Kiritiri, ndiyo udongo wenyewe. Kwa bahati, huko ndiko kwenye mbuzi wengi, na mavi ya mbuzi ni makavu na mepesi kuchukua. Lakini wengi huyaacha zizini miaka na miaka, au huyauza kwa wakulima wa juu kwa bei ambayo, kama wangeyajua haya, huenda wasingeikubali.

Palipo na njaa kali ya zinki, samadi haitaiponya kwa msimu mmoja. Hapo mkulima huweza kununua mbolea ya kupandia iliyochanganywa na zinki, ambayo sasa yapatikana nchini, au chumvi ya zinki iitwayo zinki salfeti. Ikitiwa katika udongo, kilo 5 hadi 10 za zinki halisi kwa hekta hufaa kwa miaka kadhaa. Mahindi yaliyokwisha kuota na kuonyesha mistari huweza kunyunyiziwa majani kwa maji yaliyoyeyushwa nusu kilo ya zinki salfeti katika lita 100, asubuhi au jioni, jua lisipokuwa kali. Wakulima wa kahawa wameizoea kazi ya kunyunyizia zinki, kwa sababu mkahawa ulioikosa hutoa majani membamba na madogo yaliyosongamana kwenye ncha za matawi, na watu wa Meru na Embu, ambao walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, wana ujuzi wa muda mrefu wa mti huo. Ni ajabu kidogo kwamba mtu huyo huyo huunyunyizia mkahawa wake zinki kwa bidii na kuyaacha mahindi ya watoto wake, yaliyo hatua ishirini kutoka hapo.

Mwaka 2014 Wizara ya Kilimo ilitangaza taarifa ya uchunguzi wa udongo wa mashamba ya mahindi katika kaunti nyingi za Kenya, na miongoni mwa taabu zilizoandikwa humo ni uchachu, upungufu wa mboji na upungufu wa zinki. Taarifa ya namna hiyo husema juu ya kaunti, na haimwambii mtu habari za shamba lake. Mashamba mawili yaliyotenganishwa na ua wa michongoma huweza kutofautiana kwa hatua nzima ya pH, kwa kuwa mmoja alifuga ng'ombe miaka thelathini na mwingine hakufuga. Kwa hiyo ni lazima kila mtu apime udongo wake.

Namna ya kuuchukua ni hii. Fagia majani ya juu, uchimbe kwa jembe au panga safi lisilo na kutu mpaka kina cha sentimita 20, ukate kipande chembamba cha udongo kuanzia juu hadi chini. Fanya hivyo mahali kumi na tano au ishirini, ukitembea kwa kupindapinda kama nyoka toka pembe hadi pembe. Epuka palipokuwa na rundo la samadi, penye njia ya ng'ombe, palipochomewa takataka na, kama tulivyosema, chini ya michirizi ya bati. Changanya udongo wote katika ndoo ya plastiki. Usitumie ndoo ya bati wala karai lililopakwa zinki, maana zinki ya ndoo itaingia katika udongo, na maabara itakuandikia kwamba shamba lako ni tajiri ilhali ni ndoo yako iliyo tajiri. Uanike kivulini, upime nusu kilo hadi kilo moja, uitie katika mfuko safi, na uandike jina lako, mahali pa shamba, na mazao unayokusudia kupanda.

Kipande cha mtelemko na kipande cha bondeni vitiwe mifuko mbalimbali, kadhalika kipande cha chai na kile cha mahindi. Bwana Shamba wa wadi huweza kueleza mahali pa kupeleka. Maabara za udongo za shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, zilizoko Kabete karibu na Nairobi, hupokea udongo wa wakulima kwa malipo. Mkulima aombe kwa jina apimiwe pH, mboji na zinki, kwa sababu vipimo vya kawaida mara nyingine huishia kwenye naitrojeni, fosfati na potashi tu, na zinki huachwa asipoiuliza mwenye shamba. Na kwa kuwa chokaa huhitaji mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda ili ifanye kazi yake, udongo wa mashamba ya mvua za Machi upelekwe mnamo Desemba au mapema Januari, na ule wa mvua za Oktoba upelekwe Julai, mara tu mahindi yaondolewapo.